Mzio wa pua: unavyofika kwenye mapafu na moyo

Mzio wa pua ni pale kinga ya mwili inapokiona kitu kisicho na madhara, kama vumbi la godoro, chavua au kinyesi cha mende, kuwa ni adui. Utando wa pua humwaga histamini, kemikali inayoleta dalili hizi: chafya, mwasho, kamasi jepesi kama maji, pua kuziba. Mafua huisha kwa wiki moja hivi. Mzio hurudi kila ukikung'uta shuka, au boda ikitimua vumbi jekundu la kiangazi.

Pua na mapafu ni njia moja. Kazi ya pua ni kupasha hewa joto, kuipa unyevu na kuichuja. Ikiziba, unapumua kwa mdomo, na hewa kavu yenye vumbi na moshi wa sigiri inashuka kifuani vilevile ilivyo. Mirija ya mapafu ikibana, kifua kinalia filimbi. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa pumu wana mzio wa pua pia, na kutibu pua huwapunguzia baadhi yao kikohozi cha usiku.

Moyo huguswa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Pua iliyoziba huzidisha kukoroma, na kwa wengine pumzi hukatika usingizini: oksijeni inashuka, presha inapanda, usiku baada ya usiku. Lakini hatari iliyo karibu zaidi iko duka la dawa. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini hubana mishipa ya damu ya pua, na ya mwili mzima pia. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme hivyo kabla hajauziwa. Matone ya pua ya zailometazolini, ya kuzibua pua, yasizidi siku 5. Yakizidi, pua huziba kuliko mwanzo.

Mtu mzima kwa kawaida hutumia setirizini, kidonge cha kuzuia histamini, miligramu 10 mara moja kwa siku. Pua ikiziba sana, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndiyo bora: tundu la kushoto lipulizie kwa mkono wa kulia, ncha ielekee upande wa sikio, wala si ukuta wa katikati, usije ukatoka damu. Usivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni. Nguvu yake kamili huchukua hadi wiki 2, na wengi huiacha siku ya tatu wakidhani haifanyi kazi.

Chandarua nacho hubeba vumbi. Kifue taratibu kwa sabuni ya mche, ukianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa yake.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo.