Eutanasia: Kanisa Katoliki linakataza nini hasa?

Daktari wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, anawaita ndugu pembeni na kuwaambia kwamba mashine ya kupumulia haimsaidii tena mzee. Mmoja wao anasema kuizima ni kumuua, na Kanisa limekataza. Wengine wananyamaza. Michango inaendelea, na mzee anazidi kuteseka. Hofu hiyo naielewa, lakini Kanisa halikufundisha hivyo.

Eutanasia ni kutenda jambo, au kuacha kulitenda, kwa namna na kwa nia ya kumletea mtu kifo ili mateso yake yaishe. Ndivyo alivyoieleza Papa Yohane Paulo II mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae, namba 65. Kumchoma mgonjwa sindano ili afe ni eutanasia. Kumnyima chakula ili asikawie ni eutanasia vilevile. Uholanzi na Ubelgiji ziliihalalisha mwaka 2002, lakini kwa Kanisa inabaki kuwa uuaji, hata mgonjwa akiiomba mwenyewe, kwa sababu uhai ni wa Mungu na sisi tumekabidhiwa kuutunza tu.

Matibabu ni suala jingine. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa dawa za usingizi kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, na si zile zinazomlemea yeye au wenzake kupita kiasi. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2278, inaruhusu kusitisha matibabu yaliyo mzigo mno, ya hatari, au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Hapo hukusudii kifo. Unakubali tu kwamba huwezi kukizuia. Tamko la Vatikani la 1980 linataja hata nia ya kutoitwisha familia gharama kubwa mno, jambo ambalo ndugu wanaofikiria kuuza shamba wangepaswa kuambiwa waziwazi. Mwenye kuamua ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na uwezo. Akiwa hana, wanaamua wenye haki ya kumsemea, wakifuata matakwa yake ya halali.

Yohane Paulo II mwenyewe, hali ilipozidi kuwa mbaya mwishoni mwa Machi 2005, hakurudishwa hospitali ya Gemelli mjini Roma. Alibaki chumbani kwake Vatikani, akatunzwa pale mpaka alipofariki tarehe 2 Aprili.

Chakula na maji, hata kwa mpira wa kulishia, kwa kawaida havihesabiwi kuwa matibabu ya kupita kiasi. Mgonjwa anaendelea kupewa maadamu mwili wake unavipokea na vinamfaa.

Kinachoniumiza zaidi ni hofu ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Watu wanawaacha wagonjwa wa saratani wakilia usiku kucha kwa kudhani kwamba kumpa mtu dawa hiyo ni kumuua polepole. Pius XII alilijibu hilo pia mwaka 1957: dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata kama huenda ikafupisha maisha, iwapo hakuna njia nyingine na lengo ni kutuliza maumivu. Uganda wamelifanyia kazi. Dkt. Anne Merriman, Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wa maradhi yasiyopona, mwaka 1993. Pale unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi kulingana na nguvu ya dawa, kisha mgonjwa hupewa chupa yake akanywee nyumbani. Huko kumtuliza mgonjwa maumivu na kumtunza hata asipoweza kupona ndiko kunaitwa tiba shufaa, na Kanisa linaihimiza.

Kwa kuwa dawa hizi zinaweza kumletea mgonjwa usingizi mzito, padre aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama, kupokea Komunyo na kuagana na watoto wake. Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, si lazima usubiri pumzi ya mwisho.