Kosa la uongozaji meli ni nini, na kwa nini meli zinagongana kwenye mkondo mwembamba

Huku Dodoma ukitaja ajali ya meli mtu anawaza dhoruba au chombo kilichozidisha abiria, na ni haki yake maana bahari iko mbali na habari nyingi zinazotufikia ni za kuzama. Ila kuna ajali nyingine ambayo haihitaji upepo wala wimbi, yaani meli mbili nzima kabisa, rada zinafanya kazi, manahodha wana vyeti na uzoefu wa miaka, na bado zinagongana kwenye maji yaliyotulia. Nyingi kati ya hizo chanzo chake ni kosa la uongozaji, na mkondo, yaani njia ya maji wanayopita meli, ukiwa mwembamba ndo kosa lenyewe linakuwa halina pa kujificha.

Kosa la uongozaji ni pale wanaoendesha meli wanapoamini kitu kisicho kweli kuhusu walipo wao, alipo mwenzao au anachotaka kufanya, halafu wakakata usukani kwa kufuata imani hiyo. Linaweza kuwa dogo tu. Bahari kuu unakosea, unagundua, unarekebisha, hakuna anayejua. Kwenye mkondo dakika mbili za kuamini vibaya zinatosha.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 9, inasema kwenye mkondo mwembamba kila meli ishike kulia kwake, karibu na ukingo kadiri ilivyo salama. Sisi barabarani tunashika kushoto lakini akili ni ileile, na aliyewahi kusafiri usiku barabara ya Morogoro akaona lori linaovateki kwenye kona ameshaelewa hatari yake. Tofauti ni kwamba lori lina breki. Meli kubwa ya mzigo ikiwa kwenye mwendo, zima injini uone, inaweza kuendelea kuteleza kilomita kadhaa, na ukipunguza mwendo kupita kiasi usukani nao unaacha kushika, kwa hiyo hata kwenda taratibu kuna mpaka wake. Halafu ukikata kulia, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, inatupwa kushoto kwanza. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: meli ikisogelea sana ukingo, maji yaliyobanwa kati ya ubavu wake na ukingo yanapita kwa kasi, presha inashuka, tezi inavutwa ukingoni na omo, yaani sehemu ya mbele, inageukia katikati ya mkondo, kule kule anakotokea mwenzako. Kwa hiyo hata anayeshika kulia vizuri anatakiwa ajue ashike kiasi gani.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa Halifax, Kanada, tarehe 6 Desemba 1917. Meli ya Imo ilikuwa inatoka, Mont-Blanc inaingia ikiwa imejaa baruti na kemikali za kulipuka. Imo ilikuwa imeshapishana na meli nyingine kwa upande usio wake, ikasogea zaidi kukwepa tagi, yaani boti ya kuvuta meli, ikajikuta inaenda kwenye njia ya wanaoingia. Mont-Blanc ikapiga honi moja fupi, maana yake nashika kulia, Imo ikajibu kwa honi mbili, maana yake naenda kushoto, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Dakika za mwisho Mont-Blanc ikakata kushoto, na hapo hapo Imo ikarudisha injini nyuma, na propela ikirudi nyuma inaweza kuizungusha meli, basi omo yake ikaja kulia moja kwa moja ubavuni mwa Mont-Blanc. Kila mmoja alifanya kitu cha kuokoa, ila vitu viwili visivyopatana. Moto ukawaka, baada ya kama dakika 20 Mont-Blanc ikalipuka, watu karibu 2,000 wakafa na wengine kama 9,000 wakaumia, wengi wao wakiwa nchi kavu na hawakuwahi kukanyaga meli yoyote kati ya hizo.

Mtu atasema hiyo ni zamani, rada haikuwepo. Sawa. Tarehe 8 Novemba 2018 huko Norwei manowari ya Helge Ingstad ilipita usiku kwenye mlango mwembamba wa bahari, na wakati wa kukabidhiana zamu taa nyingi zilionekana pale kwenye gati la mafuta zikachukuliwa kuwa za kitu kilichosimama. Ilikuwa tanka, yaani meli ya kubeba mafuta, jina lake Sola TS, na ilikuwa inang'oka gatini kuja. Tanka ikawaita kwa redio wageuke kulia, manowari ikaona ikigeuka itagonga kile "kitu", kumbe kitu chenyewe ndo kilikuwa kinaongea nao. Zikagongana. Watu wote 137 wa manowari walipona, manowari ikazama. Rada ilikuwepo, tatizo ni kwamba akili ikishaamua jambo inasoma vyombo kwa kuyathibitisha maamuzi yake, na hili mimi naliona ndo kiini cha suala zima, kuliko hata mambo ya vifaa.

Mwaka 2017 karibu na mlango wa bahari wa Singapore manowari ya Marekani, John S. McCain, usukani wake ulihamishiwa meza nyingine ya kuendeshea meli bila mshika usukani kujua, akadhani umekufa, meli ikakata kushoto mbele ya tanka, zikagongana, wakafa mabaharia 10.

Ndo maana bandarini anapandishwa melini rubani wa bandari anayeujua mkondo, ingawa nahodha habebewi jukumu lake. Na rubani naye akiongea na tagi kwa lugha ambayo nahodha haielewi, tayari watu wawili wamesimama sehemu moja kila mmoja na picha yake kichwani.

Kwa wanaoshuka Dar na treni ya SGR wakavuka Kigamboni, pale pantoni inakatiza kwenye njia ileile ya meli za mzigo, kwa hiyo pantoni ikisubiri meli ipite msimlaumu nahodha kwamba anachelewesha. Na mkisikia honi fupi fupi tano au zaidi, hiyo ni lugha ya kanuni zilezile: sielewi unachotaka kufanya, au nina shaka unachofanya kinatosha kuepusha mgongano. Inatakiwa ipigwe mapema, wakati nafasi ya kukata usukani bado ipo.