Kingo za Uvimbe: Dhana Potofu Kuhusu Upasuaji wa Saratani ya Kinywa

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana humrudisha mtu nyumbani na kidonda cha ulimi ambacho bado kinatibika. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kuachwa. Daktari mpasuaji haufuati uvimbe wenyewe kwa kisu. Huuondoa pamoja na nyama isiyo na ugonjwa inayouzunguka, kwa kawaida kama sentimita 1 kila upande, na chini pia.

"Daktari bingwa huona saratani inapoishia." Haoni, hata awe hodari vipi. Macho na vidole humwonyesha uvimbe, lakini seli chache zinaweza kuwa zimepenya katikati ya misuli ya ulimi bila kubadili rangi ya nyama. Ndiyo maana kipande kikishatoka hushonwa nyuzi za alama, mfano uzi mfupi upande wa mbele na mrefu upande wa juu, kisha kingo zake, yaani pale kisu kilipopita, hupakwa wino. Chini ya hadubini, seli za saratani zikionekana zimegusa wino, ukingo huo si safi.

Penye vifaa, kazi hii huanza mgonjwa akiwa bado amelala mezani. Nyama kidogo ya ukingoni hugandishwa kwenye mashine yenye baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, hukatwa nyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na jibu hurudi thieta kwa kama nusu saa. Palipo na saratani, daktari anaongeza kukata papo hapo.

"Kipimo cha thieta kikisema safi, yamekwisha." Kipimo hicho huangalia sehemu chache tu. Mfupa wa taya hauingii kabisa. Lazima ulainishwe kwa dawa kwanza, siku kadhaa. Ripoti kamili huja baadaye, na ikitofautiana na jibu la kwanza haina maana kwamba kuna aliyedanganya.

"Nilikatwa sentimita nzima, ripoti inasema milimita 6. Nimepunjwa." Nyama ya kinywa husinyaa ikishakatwa. Kwa kawaida milimita 5 au zaidi kati ya saratani na ukingo huhesabiwa safi. Pungufu ya hapo ukingo huitwa wa karibu. Kwa hiyo muulize daktari wako: milimita ngapi, na upande gani?

"Kingo safi, sina haja ya kliniki." Saratani inaweza kujificha kwenye tezi za shingo, na tumbaku, ugoro au tambuu havikuchagua sehemu moja ya kinywa. Kliniki endelea nayo.

"Ukingo mchafu ni hukumu ya kifo." Hapana. Hatari ya ugonjwa kurudi huongezeka, kweli, lakini mgonjwa anaweza kurudishwa thieta akaongezewa kukatwa, au akapewa mionzi, mara nyingine pamoja na dawa za kemotherapi.