Kidimu kwa kidimu si lazima wazae kidimu bora

Lamu, kama kwingine wanakofugwa kuku wa kienyeji, ipo kauli ya tangu na tangu: ukitaka vidimu wazuri, yaani kuku wa manyoya yaliyojikunja, mpandishe tetea kidimu kwa jogoo kidimu. Inaingia akilini. Manyoya yaliyojikunja yakikutana na wenzake, si yatazidi kupendeza?

Hapana. Ukidimu hutokana na jeni moja, ambayo kifaranga hupokea nakala yake moja kwa baba na nyingine kwa mama. Nakala moja yenye ukidimu yatosha kuyapinda manyoya. Zikiwa mbili, zinamwumiza. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba hitilafu iko kwenye keratini, protini inayojenga unyoya. Mshike kuku wa namna hiyo umtazame: uti wa unyoya umejikunja kupita kiasi, ncha zimekatika, mgongoni ngozi i wazi. Mvua za masika zikishuka, maskini huyo hana cha kumkinga. Watu husema amerogwa au ana utitiri, kumbe ni sisi tuliompandishia vibaya.

Kwa wastani, kati ya vifaranga wanne wa vidimu wawili, mmoja hutoka na manyoya ya kawaida, wawili vidimu, na mmoja ndiye huyo mwenye nakala mbili.

Mpe kidimu mwenza wa manyoya laini, yaani ya kawaida, yasiyojikunja. Nusu ya vifaranga, kwa wastani, watakuwa vidimu, na hakuna atakayebeba nakala mbili. Wale laini usiwachinje kwa kuwadharau. Tetea wao ndio wenza wazuri wa jogoo kidimu asiye wa ukoo wao.