Mtoto amekunywa kostiki? Usimtapishe

Asidi ni nini, na alikali ni nini?
Asidi, au tindikali, ni kama maji ya limau, siki na maji ya betri. Alikali ni upande wa pili: maji ya majivu, chokaa, na kostiki ya kutengenezea sabuni. Kipimo chake ni pH, kwa kawaida 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo asidi, juu ya hapo alikali. Ukishuka au kupanda namba moja, ukali umebadilika mara 10. Kostiki iko karibu kabisa na 14.

Si tindikali ndiyo hatari zaidi?
Tindikali ni hatari, sikatai. Lakini ikigusa nyama ya mwili hutengeneza gamba, na gamba lile huizuia kidogo. Kostiki haizuiliwi. Inalifanyia koo la mtoto kile kile inachoyafanyia mafuta ya mawese unapopika sabuni: inageuza mafuta yaliyomo mwilini kuwa sabuni, inalainisha nyama na kuzidi kuzama.

Nimtapishe?
Hapana. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimpe mafuta wala mayai mabichi. Imeshamchoma ikishuka, ukimtapisha inamchoma tena ikipanda, na ikipotea njia inaingia mapafuni.

Hata kidogo tu, itoke?
Hapana. Hata kidogo.

Sista, basi nimpe limau? Shuleni tulifundishwa asidi na alikali huuana.
Mlifundishwa vizuri, ila lile lilikuwa jaribio la kwenye chupa ya kioo. Zikikutana hutoa joto, na koo lililokwisha kuungua halihitaji joto jingine. Isitoshe atatapika. Soma jibu la juu.

Na maziwa? Jirani alimpa wake akapona.
Huyo jirani namsikia kila zamu. Mtoto anashindiliwa nusu lita ya maziwa, anatapika, anafika kwetu hospitali akikohoa. Usimshindilie chochote. Na mkaa uliosagwa hausaidii hapa, kwa sababu haunasi kostiki.

Sasa nifanye nini?
Mfute mdomo. Kama anaweza, asukutue kwa maji na kutema. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi. Chukua ile chupa, njooni nayo hospitali. Sasa hivi, si hadi baba arudi kutoka kazini.

Mbona anacheza, na mdomoni hana kidonda?
Mleteni hivyo hivyo. Mdomo unaweza kuwa safi na koo limeungua. Wanaonisikitisha zaidi ni wanaoletwa wiki kadhaa baadaye: kovu limekaza njia ya chakula, ugali haupiti, baadaye uji haupiti, mwisho hata mate. Hapo kazi ni kulitanua koo mara kwa mara, na wengine huishia kwenye upasuaji mkubwa.

Ikirukia jichoni je?
Hapo usitangulie kutafuta bodaboda. Maji kwanza, pale pale ulipo, hata ya bombani, jicho likiwa wazi, kwa dakika 30. Ikiwa ni chokaa, toa chembe zilizobaki chini ya kope kwa maji hayo hayo. Ndipo uje. Kuna anayesafiri saa nzima na kitambaa jichoni bila kuosha, halafu anatuuliza kwa nini haoni.

Kostiki niiweke kwenye nini?
Kwenye kopo lake lenye maandishi, juu, kabatini, pamefungwa. Si kwenye chupa ya soda, si kwenye chupa ya maji, hata kama umeifungia kwenye begi. Siku ya kupika sabuni watoto wakae mbali, na utie kostiki kwenye maji baridi kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki inachemka na kukurukia usoni.