Kuipelekea misuli ya moyo damu kwa njia ya vena: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Baba yetu anaishi Uyole, Mbeya. Akipanda kilima asubuhi kifua kinambana, akipumzika kinaachia. Si baridi tu?

Msiishie kwenye baridi. Baridi ya Juni na Julai hubana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo inaweza kuchochea maumivu. Lakini kifua kubana mtu anapojituma na kuachia anapopumzika ndiyo dalili kuu ya anjaina: misuli ya moyo inahitaji damu nyingi kuliko inayoifikia, mara nyingi kwa sababu ateri zake, yaani mishipa inayoiletea damu, zimezibwa na mafuta. Mzee apimwe presha, sukari, lehemu na umeme wa moyo. Inaumiza kuona wazee wakimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi bila moyo kupimwa hata mara moja.

Tumesikia kuna tiba ya kuipelekea misuli ya moyo damu kupitia vena. Vena si zinatoa damu kwenye misuli hiyo? Zitaipelekaje?

Ndiyo, kwa kawaida damu huingia kwenye misuli ya moyo kupitia ateri, na nyingi hutoka kwa vena zinazokutana kwenye mshipa mmoja mpana nyuma ya moyo, uitwao sinasi ya koronari. Vena hizo haziathiriki na mafuta kama ateri, ndiyo maana madaktari wamezitamani kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1898 mtafiti Mmarekani, F. H. Pratt, alionyesha kwamba moyo wa paka unaweza kuendelea kupiga kwa damu iliyopitishwa kwenye vena. Miaka ya 1940 daktari Claude Beck wa Cleveland aliunganisha mshipa kutoka aota, ateri kuu itokayo kwenye moyo, hadi kwenye sinasi hiyo. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, lakini upasuaji ulikuwa mzito na wengine walikufa, ukaachwa.

Siku hizi wanafanyaje?

Hawapasui kifua. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye vena ya shingo, kisha kifaa cha wavu wa chuma, chembamba katikati, huachwa ndani ya sinasi. Baada ya wiki kadhaa nyama laini huota juu ya wavu na njia ya kutokea inabaki finyu. Mkulima wa mpunga wa Usangu ataelewa upesi: ukipunguza tundu la kutolea maji kwenye jaruba, maji hupanda na kufika pembe zilizokuwa kavu. Vivyo hivyo, shinikizo likipanda ndani ya vena, damu inatarajiwa kusukumwa kuelekea misuli iliyokuwa na njaa.

Inasaidia kweli?

Inapunguza maumivu kwa baadhi ya watu. Katika utafiti wa wagonjwa 104 uliochapishwa mwaka 2015, waliopata nafuu ya ngazi mbili au zaidi za ukali wa anjaina walikuwa asilimia 35 ya waliowekewa kifaa, dhidi ya asilimia 15 ya wasiowekewa. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulikuta maumivu yamepungua, lakini vipimo havikuthibitisha kwamba damu katika misuli imeongezeka kwa ujumla. Kwa hiyo anayekuambia kifaa hiki kinaponya moyo anakudanganya. Ni cha mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa kumtuliza na ateri zake haziwezi kuwekewa stenti (kijimrija cha wavu cha kuzipanua) wala kupasuliwa.

Jirani yetu alitolewa vena mguuni akapandikizwa kwenye moyo. Ndiyo hiyo?

Hapana. Hapo vena ya mguu inatumika kama njia ya kuikwepa sehemu iliyoziba, na inashonwa kwenye ateri. Upasuaji huo ulienea baada ya kazi ya daktari René Favaloro mwaka 1967.

Tuanzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Picha za mishipa ya moyo na stenti hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambayo kwa mtu wa Iringa ni karibu zaidi.

Kifua kikibana ghafla na kisiachie?

Hapo habari ya vena iwekeni kando. Maumivu yakizidi dakika chache, hasa yakiambatana na jasho jembamba, kichefuchefu au kuenea kwenye mkono na taya, tafuteni gari la kwenda hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwani huenda damu imeganda na kuziba ateri ya moyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi saa za mwanzo, na zikipita saa 12 tangu maumivu yaanze faida yake huwa ndogo sana.