Adapta ya ampea nyingi haiunguzi mota ya darubini

Wengi huamini kuwa darubini ya nyota yenye mota za kuizungusha, inayohitaji ampea 2, itaungua ikichomekwa kwenye adapta ya ampea 5. Ampea za adapta ni kikomo cha inachoweza kutoa; mota huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachounguza ni volti kuzidi, au chanya na hasi kupishana. Tena adapta ya ampea chache ndiyo yenye shida: mota zote mbili zikizunguka kwa kasi, volti hushuka, kidhibiti hujizima na darubini hupoteza uelekeo wake.

Pima adapta kabla ya kuichomeka kwenye darubini. Weka testa (multimita) kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi ndogo inayoingia kwenye darubini, nyeusi ubavuni nje. Kwa darubini ya volti 12 yenye chanya katikati (tazama mchoro kando ya soketi ya darubini), isome karibu 12 bila alama ya kutoa. Adapta nzito za zamani zenye transfoma huweza kusoma 16 zikiwa hazina mzigo. Hizo ziache.